Haluli Kabla ya Kisu

Ndugu askari, mwenzetu akipangiwa kupasuliwa utumbo mpana, mara nyingi huamriwa kwanza anywe haluli mpaka tumbo liwe tupu. Je, ni lazima? Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walitangaza matokeo ya hospitali 13, wagonjwa zaidi ya 1,300: mishono ilivuja karibu sawa kwa waliosafishwa na wasiosafishwa. Basi kwa nini mgonjwa, hasa mzee, apelekwe kwenye kisu amekaukiwa maji na miguu imelegea? Haluli iendayo pamoja na vidonge vya kuua vijidudu ni shauri jingine, kadhalika upasuaji wa karibu na njia ya haja kubwa. Lakini haluli peke yake naiona ni mazoea tu. Askari hutii, hata hivyo, kumwuliza daktari sababu si uasi.