Bendera Peke Yake Haijengi Dola

Tarehe 2 Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha, wakakubali kuipokea Sudani Kusini kuwa mwanachama wa sita wa Jumuiya. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa haijatimiza miaka 5 tangu ipate uhuru wake, na karibu nusu ya umri huo ilikuwa imepita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miezi 4 tu baada ya kikao kile, Julai 2016, mji mkuu wa Juba uligeuka tena uwanja wa mapigano.

Hatulikumbushi jambo hili kwa nia ya kuwasimanga ndugu zetu wa Sudani Kusini, wala kuwalaumu wakuu waliokaa Ngurdoto. Tunalikumbusha kwa sababu swali lililoachwa pale bila ya kujibiwa limeturudia. Mwaka 2025, katika mashariki ya Kongo, ambayo nayo ni nchi mwanachama wa Jumuiya, wapiganaji wa M23 waliiteka miji ya Goma na Bukavu, wakateua magavana, wakakusanya ushuru. Wao wenyewe wamesema hawataki kujitenga. Hata hivyo, mwenye kuteua gavana na kutoza ushuru ameshaanza kazi ya dola, atake asitake kuiita kwa jina hilo. Kwa hiyo swali ni hili: eneo linapojitoa katika mamlaka ya nchi yake wakati wa vita, dola mpya huzaliwa lini? Je, ni siku ya kupandisha bendera, au ni miaka mingi kabla ya siku hiyo?

Maoni yetu ni kwamba dola ya namna hiyo huzaliwa vitani, na tabia inayozaliwa nayo ndiyo inayokua nayo. Anayetaka kujua nchi mpya itakuwaje asisubiri wimbo wa taifa. Atazame, wakati risasi zingali zikilia, ni nani anayeamua kesi za watu, ni nani anayekusanya mali, na ni nani anayetoa hesabu ya mali hiyo.

Sudani Kusini ni mfano ulio wazi. Vita vya kwanza vilianza kwa maasi ya askari wa Torit, Agosti 1955, kabla hata Sudani yenyewe haijapata uhuru wake tarehe 1 Januari 1956. Katika miaka ya 1967 hadi 1969 wanasiasa wa Kusini walitangaza serikali za muda, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na rais wake na mawaziri wake. Nyingi za serikali hizo zilikuwa na vyeo kuliko zilivyokuwa na raia. Ni pale tu Joseph Lagu alipowaunganisha wapiganaji chini ya uongozi mmoja, mwaka 1971, ndipo Khartoum ilipokuwa na mtu wa kuzungumza naye, na Mkataba wa Addis Ababa ukatiwa saini mwezi Februari 1972. Kusini ikapata serikali yake ya ndani.

Amani ile ilidumu miaka 11. Mwaka 1983 Rais Nimeiry aliigawa Kusini katika mikoa mitatu kinyume cha mkataba, na mwezi Septemba mwaka huohuo akatangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima. Kabla ya hapo mafuta yalikuwa yamekwisha kugunduliwa katika ardhi ya Kusini. Mwezi Mei askari wa Bor waliasi, na chini ya John Garang likaundwa jeshi la SPLA pamoja na chama chake cha SPLM. Yafaa ikumbukwe kwamba Garang hakutangaza kujitenga. Alisema anataka Sudani mpya, iliyo moja, yenye haki kwa wote.

Kwa miaka 10 ya kwanza, harakati hizo zilikuwa jeshi na si serikali. Kamanda ndiye aliyekuwa hakimu, mtoza kodi na mkuu wa wilaya. Wanakijiji walitoa nafaka, ng'ombe na vijana wao, wala hapakuwa na baraza la kuwauliza wakubwa vitu hivyo vimetumikaje. Matunda yake yalionekana upesi. Mwezi Agosti 1991 Riek Machar na wenzake waliasi dhidi ya Garang, na mwezi Novemba watu wengi wa Bor waliuawa na mikono ya Wasudani Kusini wenzao.

Somo hilo halikupotea kabisa. Mwezi Aprili 1994, katika mkutano wa Chukudum, SPLM iliamua kutenganisha utawala wa raia na jeshi. Paliundwa baraza la uwakilishi, na nchi ikagawanywa katika kaunti, payam na boma. Neno boma msomaji wetu halihitaji kufafanuliwa. Kwetu lilikuwa makao ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Kwao likawa ngazi ya chini kabisa ya utawala, iliyo karibu na mwananchi. Huo ulikuwa mpango mwema, na kama ungetekelezwa kwa ukamilifu pengine leo tungekuwa tunaandika mengine.

Lakini mpango ulibaki nyuma ya bunduki. Mahakama za machifu ziliendelea kuwatumikia watu katika kesi za ng'ombe, ndoa na mipaka ya mashamba, na hizo ndizo zilizokuwa serikali ya kweli kwa raia wengi. Juu yao, hata hivyo, alibaki kamanda. Tena palikuwa na jambo jingine. Tangu 1989 Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, kwa ndege zilizoruka kutoka Lokichoggio nchini Kenya, ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kulisha na kutibu watu. Hatusemi wangeachwa wafe kwa njaa. Tunasema kwamba mtawala ambaye raia wake wanalishwa na mwingine hujifunza kutawala bila ya kuulizwa, na mazoea hayo ni magumu kuyaacha.

Mwaka 2005 vita vilikoma kwa mkataba uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari. Kusini ikapewa nusu ya mapato ya mafuta yake na miaka 6 ya kujiandaa. Kura ya maoni ilipigwa Januari 2011, asilimia 98.83 wakataka kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 bendera ikapanda Juba. Hapana mwenye haki ya kuikejeli kura ile. Watu waliokufa katika vita vya miaka 22 wanakadiriwa kufikia milioni 2, na waliobaki walisema kwa kauli moja wanataka nini.

Ubaya ni kwamba bendera ilipopanda, chini yake palikuwa na yaleyale ya msituni. Amani na makundi yenye silaha ilinunuliwa kwa vyeo na mishahara ya jeshi. Mapato ya serikali yalitegemea mafuta kwa asilimia 98, kwa hiyo serikali haikuhitaji kodi ya mkulima, na isiyohitaji kodi yake haihitaji kumsikiliza. Mwezi Mei 2012 Rais Salva Kiir mwenyewe aliwaandikia barua viongozi 75, waliokuwa madarakani na waliokwisha kuondoka, akiwaomba warudishe fedha za umma zipatazo dola za Kimarekani bilioni 4. Tarehe 15 Desemba 2013 ugomvi wa wakubwa ndani ya chama ukawa vita ndani ya jeshi, kwa kuwa chama na jeshi havikuwahi kutenganishwa. Watafiti wa London walikadiria mwaka 2018 kwamba watu karibu 400,000 walikuwa wamekufa kwa sababu ya vita hivyo.

Arusha ilijaribu kuitibu mizizi ya maradhi haya. Tarehe 21 Januari 2015, Chama Cha Mapinduzi kikiwa mpatanishi na Rais Kikwete akiwa shahidi, makundi matatu ya SPLM yalitia saini mjini humo mapatano ya kuungana tena. Hekima ya wazee wetu ilikuwa kubwa, maana walitambua kwamba kidonda kimo chamani. Hata hivyo, mapatano ya wakubwa hayafui dafu mahali ambapo kila mkubwa ana kikosi chake. Mkataba mwingine ulifuata mwaka 2018. Uchaguzi uliotarajiwa Desemba 2024 uliahirishwa hadi Desemba 2026, na mwezi Machi 2025 Riek Machar, makamu wa kwanza wa rais, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni kuruhusu kujitenga. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Tanzania, ambayo mwaka 1964 mjini Cairo ilikuwa mstari wa mbele kutaka mipaka ya Afrika iheshimiwe, ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968. Hoja ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwamba umoja hauwezi kulazimishwa juu ya watu wanaouawa na kufukuzwa na wenzao. Biafra ilikuwa na fedha yake, stempu zake na mahakama zake, na bado ilianguka Januari 1970 baada ya kuzingirwa na njaa. Nchi 5 tu ndizo zilizokuwa zimeitambua.

Sisi wa visiwani tunao mfano wa karibu zaidi. Mwezi Agosti 1997 kisiwa cha Nzwani, au Anjouan, kilijitangaza kuwa kimejitenga na Komoro, na baadhi ya watu wake wakapandisha bendera ya Ufaransa. Ufaransa ikakataa kuwapokea. Mapatano ya Fomboni ya mwaka 2001 yalikipa kila kisiwa rais wake ndani ya muungano mmoja. Hata hivyo, Machi 2008 ilibidi majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwamo wanajeshi wa Tanzania, yashuke Nzwani kumwondoa Mohamed Bacar aliyekataa kuachia madaraka. Pale pia malalamiko ya watu yalikuwa ya kweli, lakini yaliangukia mikononi mwa mwenye silaha, akayafanya mali yake.

Upo mfano mwingine, na uko palepale Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili iwape walowezi. Wameru hawakuwa na jeshi wala hazina. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mjini New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa kisiwa cha Bermuda. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi. Lakini mjumbe aliyetumwa kwa senti za wanakijiji alirudi akawaeleza wanakijiji. Huo ndio uongozi tunaousema: unaojua umetumwa na nani. Wameru hawakuwa wakitafuta dola, lakini walikuwa na kitu ambacho wengi wenye dola hawana.

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza: hayo ya Arusha, Juba na Goma yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Tarehe 7 Desemba 2017 walinzi wa amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika mashariki ya Kongo, na miongoni mwao walikuwamo vijana wa Zanzibar. Mambo yanapoharibika huko, jeneza hushushwa hapa.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wa serikali zetu mambo matatu. Kwanza, mazungumzo yoyote juu ya eneo lililo mikononi mwa wenye silaha yasianze na kugawana vyeo. Yaanze na mahakama, kodi na orodha ya mishahara, yaani nani anahukumu, fedha zinakwenda wapi, na nani analipwa kwa kazi gani. Pili, Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unataka anayeingia awe anafuata utawala bora, sheria na haki za binadamu. Masharti hayo yapimwe kabla ya kupokea mgeni, na yaendelee kupimwa kwa wenyeji wote, nasi tukiwamo. Tatu, wanaopeleka misaada wafanye kazi pamoja na mabaraza ya raia na machifu, ili chakula kisiwe kisingizio cha mtawala kukwepa wajibu wake.

Tunaishi ndani ya muungano uliozaliwa tarehe 26 Aprili 1964, na tunajua kwamba mjadala wa kugawana madaraka hauishi. Wapo wanaouchoka. Sisi tunasema heri mjadala usiokwisha ukumbini kuliko ule unaokwisha msituni. Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Mahakama ya haki, hesabu zilizo wazi na kiongozi anayeulizwa ndivyo vinavyobaki mahali pake upepo unapogeuka, na bila ya hivyo hakuna dola, iwe ya zamani au mpya.