NYUMBA KONGWE ZA TORORO: HATI KWANZA, RANGI BAADAYE

Katika miji ya Tororo na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ununuzi wa nyumba ni mojawapo ya njia ambazo watumishi wa vyombo vya ulinzi na usalama hutumia kuweka akiba zao. Askari anayekaribia kustaafu, akiwa na matumaini ya kiinua mgongo, au mkopo wa chama cha akiba kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, huanza kutafuta mahali pa kuishi na pa kupatia kodi. Mara nyingi macho yake huangukia zile nyumba kongwe zilizo katikati ya mji wa Tororo.

Sababu zake zaeleweka. Nyumba hizo zilijengwa kwa matofali ya kuchoma, kuta zake ni nene, milango yake ni ya mvule, na mbele zina baraza linaloelekea barabarani. Chumba cha mbele ni duka. Nyuma yake wamo watu, na nyuma zaidi upo ua wenye jiko na ghala. Baadhi yake zimechorwa mwaka wa ujenzi juu ya paji la ukuta. Zi karibu na soko, benki na kituo cha magari, na wapangaji hawakosekani katika wilaya inayopitiwa na malori ya Malaba. Mnunuzi hupata makazi na biashara chini ya paa moja.

Lakini nyumba ya namna hii ina mambo mawili ya kukaguliwa: jengo lenyewe na historia ya hati yake. Wanunuzi wengi hukagua la kwanza na kulisahau la pili. Makala haya yanaeleza kwa nini la pili ndilo lenye hatari kubwa zaidi, na kwa nini jambo hili lawahusu wanajeshi na polisi kuliko wanunuzi wengine.

AGIZO LILILOTOLEWA KAMBINI

Mji wa Tororo ulikua pamoja na reli. Njia iliyotoka Mombasa, ikapitia Tororo, ilifika Kampala mwaka 1931, na Tororo ikawa njia panda ya treni ziendazo Mbale na Soroti. Kiwanda cha saruji kilifuata katika miaka ya 1950. Wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi ndio waliojenga sehemu kubwa ya maduka na nyumba za katikati ya mji, kama ilivyokuwa Jinja na Mbale.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin aliwatangazia wanajeshi waliokuwa katika kambi ya Tororo kwamba Waasia wataondolewa nchini. Walipewa siku 90, na muda huo ulikwisha tarehe 8 Novemba. Zaidi ya 27,000 kati yao walipokelewa na Uingereza. Wengine walikwenda Kanada, India na kwingineko. Maduka na nyumba zao zikagawiwa watu wengine, na miongoni mwa waliogawiwa walikuwamo wanajeshi wengi. Wananchi waliwaita matajiri hao wapya "mafuta mingi".

Utajiri huo haukudumu. Utawala wa Amin ulipoanguka mwezi wa Aprili 1979, wengi wao walikimbia na kuziacha nyumba walizopewa. Waliobaki walikuwa na barua ya kugawiwa tu, na barua hiyo haikuwa hati ya kumiliki. Hilo ni funzo la kwanza kwa mnunuzi wa leo: nyumba iliyopatikana kwa amri ya mkubwa yaweza kupotea siku mkubwa huyo anapoondoka.

SHERIA YASEMAJE

Mwaka 1973 iliundwa Bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka. Baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya mwaka 1982, iliyoanza kutumika mwaka 1983. Sheria hiyo ilibatilisha mauzo, uhamisho na ugawaji wa mali hizo uliofanywa chini ya amri za utawala wa Amin, ikaziweka mali zenyewe chini ya Serikali, na ikampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kumrejeshea mwenyewe kwa hati maalum, au kuiuza mali isiyorejeshwa. Waliokuwa wamiliki walirudi kwa wingi katika miaka ya 1990 kudai chao.

Kwa hiyo, muuzaji wa nyumba iliyokuwa ya Mwasia aweza kuwa na haki kwa njia mbili kuu. Ama yeye, au yule aliyemuuzia, alirejeshewa mali kwa hati ya Waziri. Au aliinunua Serikalini kwa utaratibu uliowekwa. Mtu anayeonyesha barua ya mwaka 1973, au risiti za kodi alizolipa kwa Bodi kwa miaka thelathini, ni mpangaji. Kukaa sana ndani ya nyumba hakumfanyi kuwa mwenye nyumba.

Wapo pia wanaouza kwa hati ya uwakilishi, wakidai kwamba mwenye mali yuko London au Toronto. Uwakilishi ni halali katika sheria, lakini ndipo udanganyifu unapopata mlango. Mwaka 2019 kamati ndogo ya Bunge ilichunguza mali zilizo chini ya Bodi, na miongoni mwa masuala yaliyojitokeza ni watu waliokwisha kulipwa fidia, kisha mali zile zile zikadaiwa tena kwa majina yao. Mnunuzi akiletewa hati ya uwakilishi, na athibitishe kwamba aliyeitoa yu hai, kwamba sahihi ni yake, na kwamba hakuwahi kulipwa fidia.

MIAKA ILIYOSALIA

Jambo la pili ni muda. Viwanja vingi vya mjini vilitolewa kwa pango la miaka 49 au 99, wala si kwa umilki wa daima. Kiwanja kilichotolewa mwaka 1930 kwa miaka 99 kitafikia mwisho wake mwaka 2029. Anayelipa bei ya nyumba nzima kwa pango la namna hiyo amenunua miaka michache na matumaini ya kuongezewa muda. Aulize kabla ya kulipa: pango lilianza lini, nani ndiye mwenye ardhi, na je, ombi la kuongeza muda limekwisha wasilishwa?

Kwa wale walio Busia, mpaka waongeza swali la uraia. Busia ya Uganda, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997, na Busia ya Kenya zimekaribiana mno, hasa tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi mwezi wa Februari 2018. Mtu hunywa chai upande huu na kuuza nguo upande ule. Ardhi, hata hivyo, haivuki mpaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mgeni kupata pango lisilozidi miaka 99 tu, na sheria ya ardhi ya Uganda nayo haimruhusu mgeni kupata umilki wa daima. Mganda anayeahidiwa umilki wa daima upande wa Kenya, au Mkenya anayeahidiwa hivyo upande wa Uganda, anadanganywa.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwanza, mnunuzi afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya kanda iliyoko Tororo, asitosheke na nakala aliyoletewa na dalali. Pili, aombe hati ya kurejeshwa mali na kuithibitisha Wizarani na kwenye Bodi. Tatu, mpima ardhi aonyeshe mawe ya mipaka, maana ua wa zamani mara nyingi umejengwa vibanda na jirani. Nne, aulize Halmashauri ya mji kuhusu kodi za majengo zisizolipwa. Tano, mke au mume wa muuzaji atoe ridhaa yake kwa maandishi iwapo familia inaishi humo. Baada ya hayo ndipo fundi aitwe kutazama paa, mchwa, nyaya za umeme na mabomba.

Limebaki jambo la wapangaji, na hapa sare yaweza kumponza mwenye kuivaa. Nyumba kongwe huuzwa ikiwa na watu ndani, pengine mjane aliyekaa humo tangu ujana wake. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kumtoa mpangaji pasipo amri ya mahakama. Mnunuzi askari hana ruhusa ya kuja na wenzake usiku kutupa vyombo nje, na polisi anayeombwa kusimamia kuhamishwa kwa watu ana wajibu wa kuitazama amri hiyo kabla ya kugusa mlango. Akishiriki bila amri, shauri litakapofika mahakamani jina lake litasomwa pamoja na la mwenye nyumba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Askari hupata kiinua mgongo mara moja tu maishani, na ndicho ada ya shule ya watoto na matumizi ya uzeeni. Kabla hajakitoa, na asafiri hadi ofisi ya ardhi na kuisoma hati kwa macho yake mwenyewe, tangu jina la kwanza hadi la mwisho.