Aliyepona Bado Aweza Kuambukiza

Katika Rombo, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kajiado, karo ya shule mara nyingi hutoka mnadani. Ndiyo maana homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo Wamaasai huiita olkipiei, si shauri la daktari wa mifugo peke yake. Yawahusu walimu na wanafunzi pia.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria wa jamii ya mikoplasma, ambaye wataalamu wa Ufaransa walifaulu kumkuza maabarani mwaka 1898. Mgonjwa akikohoa, jirani yake zizini huvuta matone hayo. Majuma kadhaa hupita kimya, kisha homa hupanda, pafu huwa gumu, na maji ya manjano hujaa kifuani. Mnyama hunyoosha shingo, hutanua viwiko na kuguna kila apumuapo. Penisilini haifai kitu: dawa hiyo hushambulia ukuta wa seli, na mikoplasma hana ukuta. (Binadamu, kwa bahati, haambukizwi.)

Hata hivyo, tunayemhofia zaidi si huyo anayeguna, bali aliyepona. Mwili wake huizungushia sehemu ya pafu iliyokufa kifuko kigumu, na humo viini huweza kuishi miezi mingi. Anakula, ananenepa, ananunuliwa. Akidhoofishwa na ukame au safari ndefu, kifuko chaweza kupasuka, naye akaanza kuambukiza upya. Tanzania ilikuwa imekwisha kuutokomeza ugonjwa huu kufikia 1964. Mwaka 1990 ukarejea Loliondo ukitokea Kenya. Ng'ombe hajui mpaka, wala kikohozi chake.

Hatuna haraka ya kumlaumu mfugaji anayeficha. Karantini humfungia mnada wakati karo inadaiwa. Kudai aseme kweli bila kumfidia ni kumwonea. Chanjo ipo, ile ya T1/44, iliyotokana na kiini kilichopatikana Tanganyika mwaka 1951. Lakini kinga yake hudumu kama mwaka mmoja tu, hivyo sharti irudiwe, na irudiwe pande zote mbili za mpaka kwa wakati mmoja.

Nao walimu wa sayansi wa Rombo wawaombe wakaguzi wa nyama pafu moja lenye kifuko, walipasue mbele ya darasa. Wengi wa wanafunzi hao huchunga wakati wa likizo, na mara nyingi ndio wanaokisikia kikohozi kabla ya baba zao.