Muswada wa Mwanafunzi Nao Usomwe Tena

Lugha yetu ina neno moja lenye kubeba mambo mawili. Sheria inayopendekezwa katika Bunge, Dodoma, au katika Baraza la Wawakilishi, Zanzibar, huitwa muswada. Na maandishi ya mtunzi ambayo hayajachapishwa nayo huitwa muswada. Ule wa sheria husomwa mara tatu, hupitia mikononi mwa kamati, na vifungu vyake huweza kubadilishwa au kufutwa. Hakuna asemaye kuwa waziri aliyekubali marekebisho ameshindwa.

Muswada wa mwanafunzi hauna bahati hiyo. Aghalabu husomwa mara moja, ukatiwa wino mwekundu, ukapewa alama na daftari likafungwa. Yale yaitwayo masahihisho mara nyingi huwa ni kuandika upya maneno yaliyokosewa tahajia. Hivyo kijana hukua akiamini kwamba kuirudia kazi ni adhabu ya wasiojua.

Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, mkoani Tanga, katika nchi ya mkonge, kipo Chuo cha Ualimu Korogwe. Tuseme mwanafunzi wa shule moja ya huko ameandika: "Mkoge ni utajiri wetu." Mwalimu akiongeza herufi iliyosahauliwa, atakuwa amesahihisha neno, wala hakugusa fikra. Lakini akiandika pembeni, "Utajiri wa nani? Na kwa nini nchi iliyoongoza duniani kwa mkonge mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliipoteza nafasi hiyo?", kijana hana budi kuwauliza wazee, kumtofautisha mwenye shamba na mkata mkonge, kutafuta habari za nyuzi za viwandani zilizoshusha bei, kisha kuandika sentensi nyingine kabisa. Mwenzake wa Wete anayeandika juu ya karafuu naye yafaa aulizwe vivyo hivyo.

Tunajua kwamba madarasa yamejaa na walimu wamelemewa. Hatudai kila insha iandikwe mara mbili. Insha moja tu kwa muhula, isomwe kwanza na mwanafunzi mwenziwe, iulizwe maswali mawili na mwalimu, ndipo iandikwe upya na kupewa alama, ingetosha kuanzia.

Kwa kuwa Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, hutahini kidato cha nne Bara na Visiwani, jambo hili lazihusu wizara zote mbili za elimu. Vyuo vya ualimu viwazoeze walimu watarajiwa kuyapitia upya maandishi yao wenyewe. Wathibiti ubora nao, wafikapo shuleni, wasihesabu insha zilizosahihishwa tu, bali waulize ni ngapi zilizofikiriwa upya.

Afisa yeyote aliyewahi kurudishiwa rasimu ya barua na mkubwa wake, akaiandika tena, anajua kuwa hapo ndipo alipojifunza kazi. Asimnyime mtoto wa shule nafasi hiyo.