Marabu Aliyerushwa
Juzi kundi letu la wapigapicha lilimwagia sifa picha ya marabu akiruka juu ya maporomoko ya Kalambo. Nilikuwepo. Ndege yule hakuruka, alirushwa: mwenye kamera alitupa jiwe. (Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza chuoni nilipiga makofi palepale, kwa tamaa ileile.)

Nakataa kuiita hiyo sanaa. Kiangazi marabu huzaa kwenye ukuta ule wa mwamba, maji yanapoporomoka zaidi ya mita 200 kutoka uwanda wa juu wa Ufipa. Mzazi akikurupuka, yai au kinda hubaki wazi juani.

Wataniambia: marabu gani wa kuonewa huruma, si yuleyule anayechakura majalala ya Kampala? Ndiyo, na Kampala ameshatuzoea. Kalambo ana kiota, na hawezi kukihamisha.

Najua, barabara kutoka Sumbawanga inachosha, ukifika unataka picha upesi. Basi keti. Jua likishapasha hewa, marabu huondoka mwenyewe, mabawa wazi, wala hana habari nawe.

Picha yangu ya makofi bado ninayo. Ukiikuza unaona kinda kiotani, peke yake.