Mitumba ya mama na soko huria la upande mmoja

Mimi uchumi sijausomea, nimeishia kidato cha nne, ila ada ya hiyo miaka minne yote imetoka kwenye mabelo ya mitumba. Mama anauza magauni Karume tangu sijazaliwa. Kwa hiyo wasomi wakibishana kwenye TV kuhusu soko huria, mwenzenu natega sikio, maana unaojadiliwa pale ni ugali wetu.

Turudi nyuma kidogo. Wazee wanasimulia jinsi nguo zilivyokuwa za shida mwanzoni mwa miaka ya 80. Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza, na Mzee Mwinyi alipoingia 1985 milango ikafunguka kweli, mpaka akaitwa Mzee Ruksa. Mitumba ikamiminika. Viwanda vyetu kama Urafiki ya Dar (iliyofunguliwa 1968 kwa msaada wa China), Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma vikajikuta vinashindana na shati la bei ya karanga huku mashine zimechoka na umeme unakatika. Sisemi mitumba ndiyo iliyoviua, vilishaanza kuumwa zamani. Lakini jamani, mgonjwa unampandisha ulingoni?

Sasa njoo 2016. Marais wa Afrika Mashariki wakakubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019. Mama usingizi ukakata. Rwanda ikapandisha ushuru toka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakaenda kulia serikalini kwao, eti ajira 40,000 ziko hatarini. Serikali yao ikatukumbusha AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vya Athi River vinavyoshona nguo za soko la Marekani, ikajitoa mapema. Sisi na Uganda tukafuata. Rwanda ikagoma, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Hapo ndipo ninapochoka. AGOA siyo mkataba tuliokaa mezani tukasaini, ni sheria yao, wanatoa na wanachukua. Na haohao Aprili 2025 walitangaza ushuru wa asilimia 10 na kuendelea kwa karibu dunia nzima. Nani aliwatishia kuwanyima kitu? Kumbe uhuru wa soko ni wa mwenye soko kubwa.

Ila nisiwe mnafiki. Tuliporudi nyuma, nyumbani tulishangilia. Mama angepeleka wapi mtaji wake? Na yeye mwenyewe anasema siku hizi anayemnyima wateja ni nguo mpya za China zilizojaa Kariakoo, siyo Urafiki. Maana yake hata mitumba ingepigwa marufuku, nafasi ile ingechukuliwa na kontena jingine tu.

Mimi ningeona ushuru upande polepole, kwa miaka inayojulikana, ili wauzaji wajipange, na kabla ya hapo umeme wa viwanda uwe wa uhakika. Pamba tunalima Simiyu na Shinyanga, halafu sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa ghafi, kisha inaturudia kama fulana iliyovaliwa na mtu mwingine.

Wewe mdau ungekuwa waziri, ungeanza na belo la mama au na pamba ya Simiyu? Tiririka hapo chini, matusi hapana.