Leza yaweza kumkinga mkulima wa Molo dhidi ya mbolea bandia

Mkulima wa Molo anapofungua mfuko wa mbolea, hawezi kutambua kwa macho kilichomo ndani. Tofauti kati ya mbolea halisi na bandia hudhihirika miezi kadhaa baadaye, viazi na mahindi yanapodumaa shambani.

Sakata ya mwaka 2024 ilionyesha gharama ya kungoja hivyo. Mbolea isiyofikia viwango iliuzwa chini ya mpango wa ruzuku, tena kupitia maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao (NCPB), msimu wa upanzi ukiwa umewadia. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima, lakini fidia hairudishi mvua iliyopita.

Swali linalozuka ni iwapo mbolea yaweza kupimwa ghalani kabla ya kuuzwa. Wanafizikia wana jibu.

Mwale mkali wa leza ukilipiga punje ya mbolea kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo ya punje hiyo hugeuka mvuke, kisha plazima, yaani gesi yenye joto linaloweza kuzidi nyuzi 10,000, ambamo atomi zimepokonywa elektroni. Plazima inapopoa, atomi zilizosisimuliwa hutoa mwanga, na kila elementi ina rangi zake. Potasiamu hujitambulisha kwa mwanga mwekundu wa nanomita 766 na 770, nayo fosforasi kwa miali isiyoonekana kwa macho. Kipimo huchukua sekunde chache.

Mbinu hii si ngeni. Chombo cha Marekani, Curiosity, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi Agosti 2012, huitumia kuchunguza miamba. Nchini Brazil, shirika la utafiti wa kilimo, Embrapa, limeitumia kupima udongo. Hapa Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa aina hiyo mwaka 2013.

Hata hivyo, leza haifanyi miujiza. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, hivyo plazima inayowaka hewani huweza kupotosha kipimo cha naitrojeni iliyomo kwenye mbolea, isipokuwa sampuli izungushiwe gesi nyingine kama argoni. Aidha, mtambo wenyewe sharti kwanza urekebishwe kwa sampuli ambazo viwango vyake vimethibitishwa maabarani.

Kwa hiyo, leza haitachukua nafasi ya maabara za Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS). Manufaa yake ni kuwa chujio la kwanza: mfuko ulioandikwa kuwa na fosforasi na potasiamu, ilhali mwanga hauonyeshi hata moja, uzuiliwe palepale.

Hapo ndipo suala linapotoka mikononi mwa wanasayansi. Mtambo waweza kufichua udanganyifu, lakini hauwezi kufunga ghala. Bila sheria inayompa mkaguzi mamlaka ya kusimamisha uuzaji mara moja, mkulima wa Molo ataendelea kuipima mbolea kwa njia iliyo ghali kuliko zote: kwa mazao yake.